Bei ya Lenzi Haisafishi Hewa

Lenzi ya jicho ni silinda ndogo ya vioo inayochomekwa mwishoni mwa darubini, pale mtazamaji anapoweka jicho. Lenzi kuu au kioo kikuu hukusanya mwanga na kuunda taswira ndogo ya sayari. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo iweze kuchunguzwa. Kuhusu namna ya kuichagua, imani mbili zimeota mizizi miongoni mwa wanunuzi na wauzaji. Ya kwanza inasema lenzi inayokuza zaidi ndiyo inayoonyesha zaidi. Ya pili hushikwa hata na waliokwisha kuachana na ya kwanza: sayari zinadai lenzi ghali, yenye vioo vingi na uga mpana (yaani eneo la anga linaloonekana kwa mara moja), na anayenunua ya bei nafuu anajipunja, kwa sababu rahisi ni ghali. Imani zote mbili hazisimami. Kwa sayari, lenzi sahili ya vioo vinne, ikiwa urefu wake wa fokasi umelingana na darubini, hutoa karibu yote ambayo darubini hiyo inaweza kutoa. Kinachopungua husababishwa na hewa, na kipenyo cha darubini, na matunzo ya chombo chenyewe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouzwa pamoja na lenzi ya jicho.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini yenye fokasi ya milimita 1,200 ikitiwa lenzi ya milimita 8 hukuza mara 150. Ikitiwa ya milimita 4 hukuza mara 300. Hesabu hiyo haina ukomo, na biashara imeutumia mwanya huo. Darubini ya kuanzia yenye kipenyo cha milimita 60 na fokasi ya milimita 900 mara nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 4 na lenzi ya Barlow inayozidisha ukuzaji mara tatu, kisha boksi lake hutangaza ukuzaji wa mara 675. Hesabu ni sahihi: 900 kwa 4 ni 225, na 225 mara tatu ni 675. Anachokipata mnunuzi ni doa hafifu linalotikisika, lisilo na ukingo wala alama yoyote ndani yake.

Kikomo kinawekwa na kipenyo. Mwanga ni wimbi, nao ukipita kwenye tundu hutawanyika kidogo, hivyo kila nukta ya sayari hugeuka kiduara badala ya kubaki nukta. Kadiri tundu linavyopanuka ndivyo kiduara kinavyopungua. Mwingereza William Rutter Dawes, mtazamaji wa karne ya 19, aliacha kanuni ambayo hadi leo inatumika: 116 ikigawanywa kwa kipenyo cha darubini katika milimita, jibu ni umbali mdogo kabisa kati ya nyota mbili zinazoweza kutenganishwa, kwa sekunde za tao. Sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Darubini ya milimita 60 inafikia sekunde 1.9, na ya milimita 150 inafikia 0.77. Jicho la binadamu hutofautisha bila taabu vitu vilivyoachana kwa kama dakika mbili za tao, yaani sekunde 120. Kwa hiyo darubini ya milimita 150 inapokuza mara 155 imekwisha kulikabidhi jicho undani wake wote, na ile ya milimita 60 imemaliza kazi kwenye mara 62.

Kupanda zaidi ya hapo, hadi mara mbili ya kipenyo katika milimita, kunaweza kulisaidia jicho lisijikaze, hasa katika kutazama pete za Zohali. Ndiyo maana kanuni ya mara mbili ya kipenyo hutajwa kuwa dari: mara 120 kwa darubini ya milimita 60, mara 300 kwa ile ya 150. Kuivuka dari hiyo ni kuitanua taswira ile ile bila kuiongezea habari yoyote, na gharama yake ni mwanga. Ukuzaji ukiongezwa maradufu, uso wa sayari hufifia mara nne, kwa kuwa mwanga ule ule umetandazwa kwenye eneo kubwa mara nne. Wakati huohuo mwale unaotoka kwenye lenzi kuingia jichoni hupungua unene. Unene wake ni kipenyo cha darubini kikigawanywa kwa ukuzaji: darubini ya milimita 60 inayokuza mara 675 hutoa mwale usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwale ukishuka chini ya nusu milimita, vijiuzi na vumbi vinavyoelea ndani ya jicho lenyewe huanza kutupa vivuli juu ya sayari, na mtazamaji hujikuta anachunguza jicho lake.

Watetezi wa ukuzaji mkubwa hudai kwamba sayari bado inaonekana ndogo mno kwenye mara 150. Dai hilo linatokana na kukosa kipimo cha kulinganishia ndani ya uga mweusi. Mshtarii akiwa karibu na Dunia ana upana wa sekunde 45 za tao hivi. Akikuzwa mara 40 analingana na upana wa Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu; akikuzwa mara 150 anakuwa na upana unaokaribia Miezi minne. Hakuna anayelalamika kwamba Mwezi ni mdogo kiasi cha kutoonekana madoa yake. Kinachokosekana kwa mtazamaji mgeni ni mazoea ya jicho, nayo huja kwa kutazama kwa muda mrefu. Historia inasema hivyohivyo. Galileo Galilei alizigundua satelaiti nne kubwa za Mshtarii mwaka 1610 kwa chombo kilichokuza kama mara 20. Christiaan Huygens aliigundua Titan, satelaiti kubwa ya Zohali, mwaka 1655 kwa ukuzaji wa karibu mara 50.

Kikomo cha pili ni hewa, nacho ni kigumu zaidi kwa kuwa hakinunuliki. Mwanga wa sayari hupenya tabaka za angahewa zenye joto tofauti, na kila tabaka huupinda mwanga kwa namna yake. Usiku wa kawaida, msukosuko huo hutia ukungu wa sekunde moja hadi mbili za tao. Darubini ya milimita 150 ingeweza kufikia 0.77, lakini hewa huizuia kwenye 1.5, na hapo lenzi ya dola 50 na ya dola 500 huonyesha ukungu uleule. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, akitumia darubini ya lenzi ya sentimita 83 huko Meudon karibu na Paris, aliona kwamba mifereji iliyodaiwa kuwa juu ya Mirihi ilikuwa madoa na mabaka yasiyo na mpangilio wa mistari. Darubini ile ilikuwa pale kwa miaka mingi kabla yake. Kilichomfungulia mlango ni usiku ambao hewa ilitulia kwa namna ya nadra.

Katika jambo hili mtazamaji wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo matangazo ya lenzi hayaitaji. Sayari husafiri karibu na ikliptiki, njia ambayo haipotoki ikweta ya anga kwa zaidi ya digrii 23.4. Anayetazama kutoka Nairobi au Dar es Salaam huziona sayari kubwa zikipanda juu sana kila mwaka. Anayetazama kutoka Ulaya ya kaskazini huziona kwa miaka kadhaa mfululizo zikijikokota karibu na upeo. Mwaka 2019, Mshtarii na Zohali walikuwa kama digrii 22 kusini mwa ikweta ya anga. Kutoka London hawakupanda zaidi ya digrii 17 hivi, na mwanga wao ulipita kwenye hewa zaidi ya mara tatu ya ile iliyo juu ya utosi. Kutoka Dar es Salaam walifika digrii 75, ambako hewa ni nyembamba karibu kama utosini. Ushauri unaoandikwa kwa wasomaji wa kaskazini mara nyingi hutafuta kwenye kioo dawa ya maradhi ya hewa yao. Anayeununua ushauri huo mzima mzima huku sayari iko juu ya kichwa chake analipia tatizo la mtu mwingine.

Haimaanishi kwamba hewa ya ikweta haina kasoro. Bati na zege hulimbikiza joto la mchana na kulitema usiku, hivyo sayari inayotazamwa juu ya paa la jirani hucheza kama inayoonekana kupitia mvuke wa sufuria. Kusogea kwenye uwanja wa majani, au kungoja sayari ipande ipite juu ya mapaa, huleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha lenzi. Mwanga wa taa za mjini hauna madhara makubwa hapa, kwa sababu sayari zenyewe zinang'aa vya kutosha. Hivyo hata hoja ya kusafiri mbali na mji, yenye nguvu kwa galaksi na nebula, haina uzito mkubwa kwa Mshtarii.

Imani ya pili ina watetezi waelevu zaidi. Wanakubali kwamba ukuzaji una ukomo, lakini wanasisitiza kwamba ndani ya ukomo huo lenzi ghali huonyesha zaidi. Ili kuipima hoja yao ni lazima kujua vioo vya ziada vinafanya nini. Mwaka 1860 Georg Simon Plössl wa Vienna aliunda lenzi ya jicho yenye jozi mbili za vioo vilivyogandishwa pamoja. Mwaka 1880 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, alibuni ile inayoitwa ya othoskopi: vioo vitatu vilivyogandishwa, na kimoja kikisimama peke yake. Miundo yote miwili ina vioo vinne na nyuso nne tu zinazokutana na hewa. Katikati ya uga, mahali sayari inapowekwa, miundo hiyo ilikwisha kuondoa kasoro za rangi na umbo kiasi ambacho jicho haliwezi kudai zaidi, na kazi hiyo ilikamilika kabla ya karne ya 20 kuanza.

Vioo vya ziada vilikuja kwa lengo lingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Al Nagler, kupitia kampuni ya Tele Vue, alileta lenzi zenye uga wa digrii 82, na mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ikatoa Ethos ya digrii 100. Ni kazi za ustadi mkubwa. Zinanyoosha taswira hadi ukingoni mwa uga mpana, hata kwenye darubini fupi zenye uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi kwa kipenyo) wa 4 au 5, ambako lenzi ya Plössl huziburura nyota za pembeni. Kwa makundi ya nyota na nebula zilizotanda, lenzi hizo zina haki ya bei yake. Sayari haina haja hiyo. Lenzi ya Plössl yenye uga wa digrii 50 inapokuza mara 200 huonyesha kipande cha anga chenye upana wa dakika 15 za tao, ambamo Mshtarii ishirini wangepangwa mstari mmoja. Kuupanua uga huo hadi digrii 100 ni kuongeza giza kuizunguka sayari. Wakati Plössl nzuri hupatikana kwa kati ya dola 30 na 60 za Marekani, lenzi ya Ethos huzidi dola 600, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imelipiwa ukingo ambao mtazamaji wa sayari hautumii.

Inadaiwa pia kwamba lenzi ghali hupitisha mwanga zaidi. Uso wa kioo usiopakwa chochote hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, lakini mipako ya tabaka nyingi inayotumika leo huupunguza upotevu huo hadi karibu nusu asilimia kwa kila uso. Lenzi ya nyuso nne hupoteza kama asilimia 2. Lenzi ya nyuso kumi, kama asilimia 5. Tofauti hiyo haitambuliki kwa jicho, na kama ingetambulika ingeipendelea lenzi sahili. Kinachotofautisha lenzi mbili za vioo vinne ni ung'arishaji wa nyuso, ubora wa mipako na weusi wa kuta za ndani, kwa sababu mwanga uliotapakaa hufuta mikanda hafifu ya Mshtarii. Hapo bei ya juu kidogo ina maana, lakini ni tofauti ya makumi ya dola, haifiki mamia.

Wapinzani wana hoja mbili za haki. Ya kwanza ni ya mwenye darubini ya Dobson, isiyo na mota ya kuifuata anga. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo sayari iliyo karibu na ikweta ya anga hukatiza uga wa dakika 15 za tao kwa dakika moja tu. Katika uga wa digrii 82, kwa ukuzaji uleule, hukaa sekunde 98. Sekunde 38 za ziada ni faida ya kweli kwa anayesukuma darubini kwa mkono. Hata hivyo faida hiyo ina bei ya kati: zipo lenzi za digrii 58 hadi 68, zilizotengenezwa mahsusi kwa sayari au kwa uga mpana wa wastani, ambazo huuzwa kwa bei iliyo karibu zaidi na ya Plössl kuliko ya Nagler. Mwenye mota au mwenye mkono uliozoea hana haja ya kufika huko.

Hoja ya pili ni ya nafasi ya jicho. Katika lenzi ya Plössl, jicho hukaa umbali wa kama asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa fokasi. Ya milimita 25 ni starehe. Ya milimita 6 hudai jicho ligusane na kioo kwa karibu, kope ziache mafuta juu yake, na mwenye miwani asione uga wote. Dawa yake ni ya bei nafuu pia. Lenzi ya Barlow, kioo mbonyeo kilichopewa jina la Mwingereza Peter Barlow, huzidisha ukuzaji huku ikiacha nafasi ya jicho ya lenzi ndefu. Plössl ya milimita 12 kwenye Barlow ya mara mbili hufanya kazi ya lenzi ya milimita 6, na jicho linapumua. Asiyeona mbali au asiyeona karibu anaweza kuvua miwani na kurekebisha fokasi. Mwenye astigimatizimu naye hupata ahueni asiyoitarajia: mwale mwembamba wa milimita moja au chini yake hupita kwenye sehemu ndogo ya jicho, na kasoro hiyo karibu itoweke.

Msemo wa rahisi ni ghali una ukweli wake pale bei nafuu inapochanganywa na uhafifu. Lenzi zilizoandikwa H au SR, zinazofungashwa na darubini za kuanzia, mara nyingi zikiwa na kipenyo cha nje cha inchi 0.965, zina uga mwembamba, tundu dogo la kuchungulia na mipako haba. Barlow ya plastiki inayozidisha mara tatu huharibu hata lenzi nzuri iliyo nyuma yake. Hizo ni za kuwekwa kando. Lenzi za kipenyo cha inchi 1.25 ndizo zinazopatikana kwa aina nyingi na bei ya chini, na huhamishika kwenda kwenye darubini itakayofuata.

Kipimo kinachostahili kutangulia bei na ukuzaji ni unene wa mwale unaotoka. Kwa sayari, kati ya milimita 0.7 na 1 taswira ina mwanga wa kutosha na undani wote wa darubini umekwisha kufikiwa. Hesabu yake ni fupi. Uwiano wa fokasi hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa kipenyo chake; namba hiyo yenyewe, ikisomwa kama milimita, ni urefu wa lenzi ya jicho inayotoa mwale wa milimita moja, na saba ya kumi yake hutoa mwale wa 0.7. Darubini ya kioo ya milimita 150 yenye fokasi ya 1,200 ina uwiano wa 8, hivyo inahitaji lenzi za milimita 8 na takriban 6, kwa ukuzaji wa mara 150 na 200. Darubini fupi ya milimita 130 yenye fokasi ya 650 ina uwiano wa 5. Lenzi ya milimita 10 pamoja na Barlow ya mara mbili huipa mara 130. Darubini ya Maksutov ya milimita 127 yenye fokasi ya 1,500 ina uwiano wa karibu 12, nayo huridhika na lenzi za milimita 12 na 9, zenye nafasi nzuri ya jicho na bei ya chini. Lenzi mbili zinatosha: yenye mwale mnene kwa usiku wa kawaida, yenye mwale mwembamba kwa usiku wa hewa tulivu. Kununua seti ya lenzi kumi na mbili ndani ya sanduku ni kulipia kumi zitakazolala.

Fedha iliyookolewa ina mahali pa kwenda. Darubini ya vioo ambayo vioo vyake havikulinganishwa sawasawa hupoteza undani mwingi kuliko lenzi yoyote hafifu, na kifaa cha kulinganishia hugharimu kama Plössl moja. Stendi inayotikisika kila fokasi inapoguswa huua ukuzaji wa mara 150, lenzi iwe ya bei gani. Kioo kilichotolewa chumbani kikiwa na joto huchemsha hewa ndani ya mrija wake. Nusu saa hadi saa moja ya kukiacha nje ni bure. Kwenye mwambao, ambako unyevu huotesha kuvu juu ya vioo, kopo lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya jeli ya silika hulinda lenzi kwa miaka.

Lenzi ghali inabaki kuwa na mteja wake halali: mwenye darubini fupi isiyo na mota anayetafuta pia nebula na makundi ya nyota, na mwenye miwani asiyetaka Barlow. Mtazamaji wa sayari peke yake, mwenye darubini iliyolinganishwa na kupoa na sayari iliyopanda juu, akiwa na Plössl au othoskopi ya urefu unaofaa, hana cha kuongeza kwa kununua uga. Kama usiku huo hauonyeshi mgawanyiko wa Cassini katika pete za Zohali, wenye upana wa kama sekunde 0.7 za tao hata Zohali akiwa karibu, sababu itafutwe kwanza kwenye hewa, kisha kwenye ulinganifu wa vioo, kisha kwenye kipenyo, na mwisho kabisa kwenye lenzi ya jicho.